Rudolf Diesel: Mwana wa fundi wa ngozi aliyeacha jina lake katika matangi ya magari

KILA kukicha katika kivuko cha Likoni, feri zikivusha umma kwenda na kutoka Pwani Kusini, jina la mtu mmoja hutajwa mara nyingi pasipo mtajaji kumfikiria mwenyewe. Hulitaja makanga wa matatu ya Ukunda, hulitaja dereva wa lori la miwa anayeelekea Ramisi, na huonekana limeandikwa kwa herufi kubwa katika vituo vya mafuta kuanzia Likoni, Diani na Msambweni hadi Lunga Lunga mpakani. Wengi hudhani dizeli ni jina la mafuta tu. Kumbe ni jina la ukoo, na mwenyewe, Rudolf Diesel, alifariki baharini mwaka wa 1913 akiwa amezama katika madeni.

Diesel alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria waliohamia huko kutafuta riziki. Babake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, na mtoto ndiye aliyetumwa kusukuma mkokoteni wa kuwapelekea wateja mizigo yao. Vita baina ya Ufaransa na Ujerumani vilipozuka mwaka wa 1870, familia hiyo ilifukuzwa pamoja na Wajerumani wengine ikakimbilia London. Kutokana na uhaba wa fedha, kijana Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12 pekee, alipelekwa Augsburg kuishi na jamaa zake, ambako mlezi wake alikuwa mwalimu wa hisabati.

Huko ndiko nyota yake ilikong'aa. Alipata ufadhili wa kusomea uhandisi mjini Munich chini ya Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya barafu. Mwaka wa 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Alipoufanya Januari mwaka uliofuata, alipata alama zilizowashinda wote waliomtangulia katika chuo hicho. Kisha Linde akamwajiri Paris kusimamia kiwanda cha barafu.

Jambo lililomkera Diesel tangu darasani ni upotevu. Injini nyingi za mvuke za wakati huo zilitumia vyema kiasi cha asilimia 10 tu ya joto la makaa, au hata chini ya hapo, na lililosalia likapotelea hewani. Aliwaza kwamba iwapo hewa itakandamizwa kwa nguvu mno ndani ya silinda, itapata joto la kutosha kuyawasha mafuta yenyewe, bila plagi wala cheche. Yeyote aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto mkononi. Injini ya Diesel imejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo.

Alipewa hataza mwaka wa 1893, na kiwanda cha mashine cha Augsburg pamoja na kampuni ya Krupp vikakubali kugharimia majaribio. Jaribio la kwanza, Agosti 10, 1893, lilikaribia kuleta maafa: kipimo cha shinikizo kilipasuka kwa kishindo na vipande vikaruka. Mnamo Februari 17, 1894, injini iliweza kuzunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Ilimchukua miaka mingine mitatu kamili kufikia aliloliahidi. Februari 1897, Profesa Moritz Schröter aliipima injini hiyo na kubaini kwamba inageuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Hakukuwa na injini nyingine duniani iliyokaribia kiwango hicho.

Utajiri ulifuata kwa kishindo. Tajiri wa pombe wa Marekani, Adolphus Busch, alinunua haki za nchi yake kwa alama milioni moja za Kijerumani. Diesel akajenga jumba la fahari mjini Munich, akaweka fedha katika ardhi na biashara asizozielewa vyema. Hapa ndipo wengi humlaumu, na kwa haki: mtu aliyehesabu kila chembe ya joto ndani ya silinda hakuhesabu hivyo katika daftari lake mwenyewe. Aidha, kesi za hataza na maumivu ya kichwa yasiyokwisha vilimdhoofisha.

Na si utajiri aliokuwa ameulenga mwanzoni. Diesel alitamani injini ambayo fundi mdogo, mwenye karakana ya kando ya nyumba, angeweza kuimiliki na kushindana na viwanda vikubwa. Mwaka wa 1903 alichapisha kitabu kuhusu mshikamano wa wafanyakazi, lakini hakikupata wanunuzi wengi. Ulaya iliichukua injini yake ikaiweka katika viwanda vikubwa, nyambizi za kivita na meli za masafa marefu. Mtu atakayezuru vijiji vya Kinango au Lunga Lunga ambako kinu cha kusaga mahindi huendeshwa kwa injini ya dizeli ya silinda moja, mwenye kinu akiwa bwana wa kazi yake, atakuwa ameikaribia ndoto ya Diesel kuliko aliyetembelea bandari za Ulaya.

Jambo jingine linalomuunganisha na Pwani ni mafuta ya mimea. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900, injini ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga, kwa matakwa ya serikali ya Ufaransa iliyotaka makoloni yake yajitegemee kwa nishati. Mwaka mmoja kabla ya kufa, Diesel alieleza imani yake kwamba mafuta ya aina hiyo yangekuja kuwa na thamani kubwa. Karibu karne moja baadaye, katika miaka ya 2000, wakulima wa Pwani, Kwale ikiwemo, walihimizwa kupanda mbono kwa matumaini ya dizeli ya shambani. Mavuno yakawa haba mno kulinganishwa na ahadi, na mmea huo ukarejea katika kazi yake ya kale ya kuwa ua wa shamba.

Gari dogo la abiria linalotumia dizeli hakuliona. Injini zake zilikuwa nzito, zikihitaji mtambo mkubwa wa kusukuma mafuta kwa hewa. Ni baada ya Robert Bosch kuanza kutengeneza pampu ya dizeli kwa wingi mwaka wa 1927 ndipo mambo yalipobadilika, na mwaka wa 1936 Mercedes-Benz ikatoa gari la 260 D. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010, takriban nusu ya magari mapya ya abiria katika Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli.

Kisha likaja anguko. Mwaka wa 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Mnamo Septemba 2015 ikafichuka kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya kuhadaa vipimo vya moshi katika magari yapatayo milioni 11. Mwaka wa 2024, dizeli ilikuwa karibu asilimia 12 tu ya magari mapya yaliyouzwa katika Muungano wa Ulaya, ilhali ya mseto, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, yalifikia karibu asilimia 31.

Kinaya ni kwamba gari la mseto si mtoto wa juzi. Ferdinand Porsche aliunda la kwake mwaka wa 1900, Diesel akiwa hai. Lilikosa betri nyepesi, likasahaulika hadi Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mwishoni mwa 1997. Nalo lilitokana na chuki ile ile ya upotevu: gari linapofunga breki, nishati ya mwendo ambayo ingepotea kama joto hugeuzwa kuwa umeme na kuhifadhiwa.

Kwa mkazi wa Pwani Kusini, hesabu hiyo hutegemea safari. Anayekaa katika foleni ya Likoni akisogea hatua kwa hatua hufaidika na gari la mseto, kwa kuwa injini huzima yenyewe. Anayebeba mzigo mzito kutoka Msambweni hadi Lunga Lunga kwa mwendo usiobadilika, au anayepanda milima ya Shimba na watalii, bado ana sababu ya kuitegemea dizeli. Lakini gari jipya la dizeli lina chujio la masizi linalohitaji safari ndefu ili lijisafishe, na likizungushwa kati ya Ukunda na ufuo wa Diani pekee, huziba. Gari la mseto nalo lina betri ya bei ghali, na joto la Pwani si rafiki wa betri.

Hata hivyo, uamuzi mkubwa haufanyiki Kwale. Magari mengi ya mitumba yanayoingia Kenya hutoka Japani, na sheria hairuhusu yaliyopita miaka minane. Wanachonunua Wajapani leo ndicho kitakachotua Mombasa kesho kutwa, na Wajapani wanazidi kuchagua mseto. Dizeli itasalia katika malori, mabasi na matrekta kwa miaka mingi. Katika magari madogo, nafasi yake inapungua. Lakini meli nyingi zinazoyaleta hayo magari ya mseto bandarini, zingali zinasukumwa na injini ya Diesel.

Safari yake ya mwisho ilikuwa ya meli pia. Jioni ya Septemba 29, 1913, aliabiri meli ya Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kwa shughuli za kampuni ya injini zake. Alikula chajio na wenzake wawili, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi, akaingia chumbani mwake mwendo wa saa nne usiku. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa kando ya reli ya meli, na katika shajara yake tarehe hiyo ilikuwa imetiwa alama ya msalaba.

Uvumi ulienea kwamba aliuawa na majasusi au wafanyabiashara wa mafuta, lakini haukuthibitishwa kamwe. Siku kumi hivi baadaye, mabaharia wa Uholanzi waliopoa maiti, wakachukua vitu vidogo vilivyokuwa mifukoni na kuirejesha baharini kwa jinsi ilivyokuwa imeharibika. Mwanawe, Eugen, alivitambua vitu hivyo kuwa vya babake.

Kabla ya kuondoka, Diesel alikuwa amemwachia mkewe, Martha, mkoba na kumwagiza asiufungue hadi juma moja lipite. Alipoufungua, alikuta alama 20,000 taslimu pamoja na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti zao za benki zilikuwa karibu tupu.