Robert Erskine: Kijana wa duka la dawa aliyeshika uhai wa Tsar

Unajua kumpa mfalme dawa ilikuwa kazi hatari kiasi gani zamani? Katika Urusi ya miaka ya 1600, dawa ya Tsar ilionjwa kwanza na daktari mwenyewe, kisha na wakubwa wa ikulu. Ukionja ukaanguka, shauri yako. Mwaka wa 1706 idara hiyo ya dawa za kifalme ilikabidhiwa kijana wa Scotland ambaye hata miaka 30 hakuwa amefika.

Robert Erskine alizaliwa 1677 kule Alva. Ukoo ulikuwa na jina kubwa, lakini yeye hakuwa kifungua mimba, na kwao hilo lilimaanisha kwamba mashamba ya mzee yangeenda kwa mwingine. Ikabidi ajitafutie. Mwaka wa 1692 akapelekwa Edinburgh kujifunza kazi kwa mpasuaji aliyekuwa pia mtengenezaji dawa. Usifikirie koti jeupe na kompyuta. Hapo ni kutwanga mizizi kwenye kinu, kuchemsha, kupima na kufunga vidonda vya watu. Baadaye akasoma Paris, akapata udaktari Utrecht mwaka wa 1700, kisha 1704 akafunga safari ya Urusi.

Bosi wake wa kwanza huko alikuwa Menshikov, swahiba wa Tsar Peter. Na huyu Peter, ngoja nikwambie: jamaa mrefu wa karibu mita mbili, aliyependa kung'oa watu meno kwa mikono yake. Ukilalamika mbele yake kwamba jino linauma, umekwisha!

Erskine alimudu. Nchi ilikuwa vitani na Sweden, na idara yake ililisha jeshi na ikulu dawa. Mwaka wa 1709 alikusanya mimea ya eneo la Moscow, akaikausha na kuipanga kwenye karatasi. Peter akamfanya daktari wake binafsi, kisha akampa maktaba na jumba jipya la makumbusho pale St Petersburg. Waliposafiri Ulaya pamoja, Urusi ilinunua mkusanyiko wa Ruysch, mtaalamu wa maumbile ya mwili kule Amsterdam, kwa gilda 30,000.

Sasa shida. Mwaka wa 1715 waasi wa Scotland waliinuka kumwondoa Mfalme George wa Kwanza ili ukoo wa Stuart urudi kitini. Kiongozi wao, Mar, alikuwa jamaa ya Erskine, na ndugu yake mwenyewe, John, alikuwa ndani. (Huyo alikuja kusamehewa, madini ya fedha yaliyopatikana kwenye ardhi yake yalimsaidia sana.) Mwaka wa 1717 serikali ya London ilinasa barua za balozi wa Sweden, na humo likatajwa jina la daktari wa Tsar, eti anawatafutia waasi msaada kwa mgonjwa wake.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Damu yako iko mbioni, na mtu unayemtibu ana jeshi. Erskine alikana kwa maandishi, Peter akamkingia kifua. Lakini barua zilizobaki zinaonyesha kwamba kweli aliwasiliana na waasi. Mimi naona alicheza kamari na shingo yake, na bahati ikawa kwamba Peter hakuwa na haraka ya kumpoteza.

Kamari hiyo haikuendelea sana. Mwishoni mwa 1718 aliugua, akafariki kule Konchezero, kaskazini mwa Urusi, akiwa na miaka 41. Peter aliagiza mwili uletwe St Petersburg, na Januari 1719, kwenye baridi ile, Tsar mwenyewe alitembea na mwenge nyuma ya jeneza hadi monasteri ya Alexander Nevsky. Kisha akanunua vitabu vya marehemu, zaidi ya 2,000, vikaingia kwenye maktaba ile ile aliyokuwa akiisimamia.