Carwyn James: Kocha aliyeiangusha New Zealand, Wales ikamkosa

WAPO makocha waliojizolea sifa kwa kuzinoa timu zao za taifa miaka nenda, miaka rudi. Carwyn James, mmoja wa makocha walioheshimika zaidi katika historia ya mchezo wa raga, hakupata kuinoa timu ya nchi yake ya Wales hata kwa siku moja.

Hata hivyo, gwiji huyo aliyefariki dunia mwaka 1983 aliifunga New Zealand akiwa na timu mbili tofauti, kisha akaipa klabu ya Rovigo ubingwa wa Italia.

James alizaliwa Novemba 2, 1929 katika kijiji cha Cefneithin, kusini-magharibi mwa Wales, akiwa mtoto wa mchimbaji wa makaa ya mawe. Alisomea Kiwelshi, lugha ya mama yake, katika Chuo Kikuu cha Aberystwyth, na alipokuwa akitumikia Jeshi la Wanamaji la Uingereza alijifunza Kirusi. Baadaye alifundisha katika shule ya Llandovery, kisha akawa mhadhiri mjini Carmarthen.

Uwanjani alicheza nafasi ya namba 10 katika klabu ya Llanelli. Alikuwa fundi wa mpira, lakini zama zake ziligongana na za Cliff Morgan, aliyeimiliki nafasi hiyo katika timu ya taifa. Kwa sababu hiyo aliichezea Wales mechi mbili tu, dhidi ya Australia na Ufaransa, zote mwaka 1958.

Nyota yake ilikuja kung'ara katika ukocha. Mwaka 1971 alikabidhiwa British Lions, timu inayoundwa na wachezaji bora wa England, Scotland, Wales na Ireland, kwa ziara ya New Zealand. Lions walikuwa hawajawahi kushinda mfululizo wa mechi za kimataifa katika nchi hiyo.

Aliwaongoza kama mwalimu anavyoongoza darasa la watu wazima. Aliuliza zaidi ya alivyoamuru, na alitaka kila mchezaji atumie akili yake pale mpira unapomfikia. Kwa kuwa yeye mwenyewe alitokea safu ya nyuma, hakuona haya kutegemea ujuzi wa Ray McLoughlin wa Ireland katika kuwaandaa mafowadi.

Lions, chini ya nahodha John Dawes, walishinda mechi ya kwanza kwa pointi 9-3, wakapoteza ya pili kwa 22-12, wakashinda ya tatu kwa 13-3 na kutoka sare ya 14-14 katika ya mwisho. Hadi leo huo ndio mfululizo pekee ambao Lions wameshinda nchini New Zealand.

Wapo waliodhani mafanikio hayo yalitokana na nyota kama Barry John na Gareth Edwards. Jibu lilipatikana Oktoba 31, 1972, New Zealand walipokwenda Llanelli kucheza na klabu aliyokuwa akiinoa. Wenyeji walishinda 9-3, na inasimuliwa kuwa baa za mji huo ziliishiwa bia usiku huo. Klabu hiyo ilitwaa pia Kombe la Wales mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1973 hadi 1976.

Msimamo wake haukuishia kwenye michezo. Timu ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi ilipocheza Llanelli mwaka 1970, aliwaandaa vijana wake, lakini akagoma kuitazama mechi hiyo. Mwaka huohuo aligombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Plaid Cymru, kinachopigania kujitawala kwa Wales, akashindwa.

Msimamo huohuo ndio uliomnyima Wales. Kikosi cha taifa kilikuwa kikichaguliwa na jopo la watu watano, na kocha alikuwa mmoja tu miongoni mwao. James aliamini kuwa anayebeba lawama za kufungwa ndiye anayepaswa kuwa na sauti ya mwisho katika uteuzi. Alipoona viongozi wa chama cha raga hawako tayari kulegeza kamba, mwaka 1974 aliliondoa jina lake katika kinyang'anyiro.

Mwaka 1977 alihamia Rovigo, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia unaoipenda raga kwa dhati, katika nchi ambayo soka ndiyo yenye mashabiki wengi. Mwaka 1979 aliipa klabu ya mji huo ubingwa wa Italia, na mwaka uliofuata akarejea nyumbani, ambako aliendelea na kazi za uandishi na uchambuzi wa michezo.

Hakuoa, na kwa miaka mingi alisumbuliwa na ugonjwa wa ngozi. Januari 10, 1983 alifariki dunia hotelini mjini Amsterdam, Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 53.

Leo kocha wa Wales huteua kikosi chake mwenyewe, na hakuna anayeshangaa. Haki hiyo ndiyo aliyoidai James mwaka 1974, naye akakubali kuikosa timu ya nchi yake kuliko kuifundisha bila kuwa nayo.