Finsen, daktari mgonjwa aliyetibu kwa mwanga

MIONGONI mwa madaktari waliopata Tuzo ya Nobel, Niels Ryberg Finsen ndiye ninayependa zaidi kuwasimulia wanafunzi wangu. Alifariki mwaka 1904 akiwa na miaka 43 tu, na katika nchi zetu hizi jina lake halitajwi sana. Lakini ugonjwa aliopambana nao tunaujua sote: kifua kikuu, yaani TB. Na wazo alilolitetea, kwamba ndani ya mwanga mna dawa, limerudi masokoni kwetu kwa sura ya vidonge vya vitamini D. Wapo wanaoambiwa kwamba vidonge hivyo vinatosha hata kwa TB iliyokuwa sugu. Ndiyo sababu nimeona tumwangalie mzee huyu vizuri.

Finsen alizaliwa Desemba 15, 1860 katika mji wa Tórshavn, visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali, na ukoo wao ulitoka Iceland. Kijana alipelekwa kusoma Denmark, mbali na nyumbani, na huko mkuu wa shule akamwona mtoto mwema lakini mzito wa akili. Ikabidi ahamishiwe Reykjavik, Iceland, ambako alimaliza sekondari mwaka 1882 bila kuwa miongoni mwa vinara wa darasa. Sisi tuliosomea ukimbizini tunajua maana ya kubadilisha shule, lugha na walimu, kisha kupimwa kwa kipimo kimoja na wenyeji. Mimi kama mwalimu nasema ripoti ile ya mkuu wa shule ni onyo kwetu tunaoshika kalamu nyekundu.

Mwaka huo wa 1882 akaenda Copenhagen kusomea udaktari, na akahitimu mwaka 1890. Akiwa bado masomoni, maradhi yakamwanza. Ini na moyo vilidhoofika, tumbo likawa linajaa maji, na katika maisha yake yaliyobaki yalitolewa mara nyingi. Chumba alichokaa kilitazama kaskazini, hakikupata jua. Aliona kwamba kila alipokaa juani alipata nafuu, akajiuliza mwanga unafanya nini katika mwili. Wengine wangelalamika tu juu ya nyumba. Yeye akaanza utafiti.

Wakati huo Ulaya ilisumbuliwa na TB ya ngozi, iitwayo lupus vulgaris. Neno lupus ni Kilatini, maana yake mbwa mwitu, kwa sababu ugonjwa huo ulikula pua, midomo na mashavu kama mnyama. Wagonjwa walijificha, kazi hawakupewa, ndoa hawakupata. Mwaka 1895 Finsen alimtibu mgonjwa wake wa kwanza wa namna hiyo katika kituo cha umeme cha Copenhagen, kwa taa kali ya kaboni. Mgonjwa akapata nafuu, na mwaka 1896 ikafunguliwa taasisi ya tiba ya mwanga.

Tiba yenyewe haikuwa ya haraka. Mwanga ulipitishwa kwenye lenzi, ukapozwa kwa maji ili usiunguze. Muuguzi aliketi karibu na mgonjwa, akakandamiza ngozi kwa kioo ili damu isogee na mwanga upenye. Kipande kidogo cha ngozi kilitibiwa kwa saa moja au zaidi, kesho yake kingine, na hivyo hivyo kwa miezi mingi. Bandu bandu humaliza gogo. Katika miaka ya mwanzo walitibiwa wagonjwa zaidi ya 800, na wengi wao wakapona. Mwaka 1900 Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyeolewa Uingereza, aliipatia hospitali moja ya London taa ya aina hiyo.

Mwaka 1903 Finsen akapewa Tuzo ya Nobel. Hakuweza kwenda kuipokea, kwani alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Sehemu ya fedha akaitoa kwa taasisi yake. Siku zake za mwisho alipima chakula, maji na chumvi alivyotumia, akaandika matokeo ili madaktari wengine wajifunze. Alifariki Septemba 24, 1904.

Baada yake ikajulikana kwamba ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D. Miaka ya 1940 madaktari wa Ufaransa na Uingereza waliwapa wagonjwa wa lupus vulgaris vitamini hiyo kwa dozi kubwa. Wengi walipata nafuu, lakini wengine walidhurika kwa sababu kalisi ilizidi katika damu. Miaka hiyo hiyo ikaja streptomaisini, na mara vijidudu vikaizoea. Hapo ndipo dunia ilipojifunza kwamba TB haitibiwi kwa dawa moja.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba chembe za kinga huhitaji vitamini D ili zitengeneze silaha ya kuua vijidudu vya TB. Matumaini yakapanda: kijidudu kinachoishinda dawa huenda kisiishinde silaha ya mwili wenyewe. Majaribio yakafuata. Mwaka 2019 matokeo ya majaribio kadhaa yalipounganishwa, vitamini D haikuharakisha kupona kwa wagonjwa wote kwa jumla. Iliharakisha tu kusafika kwa makohozi ya wale wenye TB sugu, nao walikuwa wachache, tena wote walikuwa wakimeza dawa za hospitali. Mwaka 2020 jaribio la Dar es Salaam kwa watu wapatao 4,000 wanaoishi na virusi vya Ukimwi halikuonyesha kwamba vitamini hiyo inazuia TB wala vifo.

Kwa hiyo vitamini D inaweza kuwa msaidizi, lakini si mbadala wa dawa, na ikizidi huumiza figo. Jambo hili linatuhusu zaidi sisi tunaovuka mipaka. Tiba ya miezi 6 ilithibitishwa kwa majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia miaka ya 1970, wakati dunia ilizoea tiba ya mwaka mmoja na nusu. Ni urithi wetu. Lakini mfanyabiashara akiacha vidonge nyumbani kwa wiki mbili akifuata mzigo, au familia ikirejea nchini bila karatasi ya kliniki, vijidudu vilivyobaki hupata nafasi ya kujifunza kuishinda dawa.

Kabla ya safari, mwambie mhudumu wa kliniki unakokwenda. Omba barua ya uhamisho na dawa za kutosha siku za njiani. Ukifika, anzia kituo cha afya kabla ya kupanga meza sokoni. Jua la kwetu ni bure, nawe liote. Ila kumbuka kwamba hata wagonjwa wa Finsen, waliotibiwa kwa mwanga, walipona kwa sababu walirudi kila siku mpaka tiba ikaisha.