Krapf Alipita Hapa Kwetu: Neno kwa Wanaohudumu Katika Sifa na Kuabudu



Mnajua kwamba kuanzia mwezi huu timu ya sifa na kuabudu ina utaratibu mpya. Yeyote anayetaka kusimama madhabahuni Jumapili, awe mwimbaji, mpiga kinanda au mpiga ngoma, lazima awe amehudhuria somo la Biblia la katikati ya wiki. Wengine wamefurahi. Wengine wamenung'unika, na sioni ubaya wa kulisema hilo wazi. Nimesikia ikisemwa kwamba kipawa ni kipawa, na kama sauti iko, iko. Kwamba kanisa likibana sana, vijana wataenda kule wanakothaminiwa.

Badala ya kubishana, nimeona wiki hii nisimulie maisha ya mtu mmoja ambaye wengi wetu tulimsoma shule ya msingi kisha tukamsahau: Johann Ludwig Krapf. Hakujulikana kwa uimbaji. Lakini alitumika miaka mingi bila umati na bila makofi, na sehemu ya kazi hiyo aliifanya hapa hapa Ukambani.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mvulana, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo halikuwa lake, akaugua miezi kadhaa. Pale kitandani akawa anasoma Biblia. Alipopata nafuu, akawa anawasimulia wavunaji shambani hadithi za Agano la Kale. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahubiri yake ya kwanza, na waliomsikiliza walikuwa watu waliochoka, wenye mundu mkononi.

Alisomea umisionari Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia na shirika la CMS la Uingereza. Huko alifanya kazi miaka kadhaa, kisha njia ikafungwa. Wengi wetu mlango ukifungwa tunasema huduma imekwisha. Yeye alipanda chombo pamoja na mke wake Rosine, wakafuata pwani kuja kusini, na Januari 1844 wakafika Zanzibar. Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na mwaka huo huo wakahamia Mombasa.

Sasa angalieni alianza na nini. Hakuanza na mkutano mkubwa. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hebu fikiria. Mtu aliyesoma theolojia Ulaya, mchungaji aliyewekewa mikono, anaketi kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya mwalimu wa Kiislamu, anauliza neno hili linaitwaje na lile linatamkwaje. Kabla hajafungua kinywa kufundisha, alifungua masikio.

Wiki tano baadaye msiba ukaingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, na tarehe 13 Julai akafa. Siku chache tu baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, ili watu wapitao njiani wakumbuke kwa nini walikuja. Kaburi hilo liko Mombasa hadi leo, upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi lile liwe ishara kwao kuwa kazi ya Afrika Mashariki imeanza. Kisha akarudi kwenye karatasi zake na maneno yake.

Najua katika timu yetu wako wanaosimama kuimba Jumapili wakiwa wamezika mtu juma lililopita. Hatuna haja ya kujifanya hatuumii. Krapf hakujifanya. Aliumia, na akaendelea.

Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann akafika, na mwezi Agosti wakafungua kituo Rabai. Siku waliyohamia, wote wawili walikuwa na homa. Walihubiri mwaka baada ya mwaka, na waliookoka walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Mimi nilisomea biashara chuoni, na nawaambia, ukimpeleka mkaguzi wa hesabu Rabai wakati ule, angefunga kituo. Gharama juu, mapato hakuna, wafanyakazi wagonjwa.

Novemba 1849 Krapf akaanza safari ya kuja Ukambani. Alipita Taita, akapita Kikumbulyu, upande wa Kibwezi katika Makueni ya leo, akavuka Yatta hadi Kitui kwa Kivoi. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mtu wa misafara mirefu hadi pwani, jina lake likijulikana kote. Alimpokea mgeni vizuri. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf akauona ule mlima wenye theluji ambao Wakamba walikuwa wakimweleza, na jina alilolisikia kwao ndilo ambalo limekuja kuwa jina la nchi yetu. Aliporipoti Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wataalamu wa jiografia walimkejeli. Walikuwa hawajawahi kufika. Lakini yeye alikuwa ameona.

Mwaka 1850 akiwa Ujerumani akachapisha Injili ya Marko kwa Kikamba. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Mwaka ule Ukambani hakukuwa na kanisa hata moja, hakukuwa na shule ya kufundisha kusoma. Yeye akatayarisha kitabu kwa wasomaji ambao walikuwa bado hawajazaliwa.

Sisemi Krapf hakuwa na udhaifu. Alikuwa na ndoto ya kupanga vituo vya misheni kama mnyororo kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi, wakati kituo kimoja tu kilikuwa kinamshinda kusimama. Na hapa Ukambani aliweka tumaini kubwa kwa mtu mmoja. Mwaka 1851 alirudi akitaka kufungua kituo Yatta. Akajengewa kibanda kidogo, mambo hayakukaa sawa, akaenda tena kwa Kivoi. Wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana. Karibu na mto wakavamiwa, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Alishuka mtoni usiku, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu, akajaza maji kwenye mtutu wa bunduki yake. Alipowafikia watu wa Kivoi, wakamlaumu kwa kifo cha mkubwa wao. Ikabidi atoroke usiku, akirudi pwani kwa njaa na kiu.

Mpango wake wa Ukambani ukafia hapo. Mwaka 1853, mwili umechoka, akarudi Ulaya. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, kisha akarudi Korntal, Ujerumani, akaendelea na maandishi yake. Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda, katika hali ya maombi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka London mwaka 1882. Hakuishika mkononi.

Sasa tufanye hesabu upya. Katika miaka ya 1890 Walutheri wa Ujerumani walifungua kituo Ikutha. Mwaka 1895 wamisionari wa AIM walianza kazi yao ya kwanza Nzaui, Makueni. Agano Jipya zima la Kikamba likatoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Leo huwezi kutembea kutoka Mwingi hadi Wote bila kusikia ibada njiani. Krapf hakuona hata moja ya hayo. Yesu alifundisha habari ya mbegu ya ngano inayoanguka chini, Yohana 12:24. Someni nyumbani.

Ndugu zangu wa timu ya sifa, naomba mchukue mambo matatu.

La kwanza, tusikie kabla ya kuimba. Krapf alijifunza maneno kabla ya kuyatumia kwa Mungu. Sisi wakati mwingine tunaimba nyimbo za lugha za mbali ambazo hata anayeongoza hajui anasema nini, ilimradi mdundo ni mtamu. Tena tunawasahau akina mama wazee pale nyuma, wanaojua Kikamba kile kizito cha maombi, na hakuna kijana anayewauliza. Kiongozi wa kuabudu anawabeba watu kwenda mbele za Mungu. Utambebaje mtu ambaye hujui lugha ya moyo wake? Somo la katikati ya wiki ni mahali pa kujifunza tunachokiimba.

La pili, tusijenge huduma juu ya mtu mmoja. Kivoi alipoanguka, mlango wote wa Ukambani ulifungwa kwa Krapf. Katika matawi yetu kuna mahali mpiga kinanda mmoja akikosa, ibada inayumba. Akinuniwa, kanisa zima linaenda kumbembeleza. Hiyo si heshima kwake, ni mzigo tunamtwika. Kila mwenye kifaa mkononi awe anamfundisha mwingine. Ukiona kijana unayemfundisha amekushinda, sema aleluya, kazi yako imezaa.

La tatu, na hili ndilo kubwa. Kipawa kinaonekana madhabahuni, lakini mtu mwenyewe hukua mahali ambapo haonekani. Krapf alikufa magotini kwa sababu hapo ndipo alipokuwa amezoea kuwa. Hakuna mtu anayepangiwa kufa akiomba. Ukizoea maiki tu, siku maiki ikichukuliwa utabaki na nini? Na itachukuliwa, wapendwa. Sauti hukauka, vidole huzeeka, vijana wapya huja. Atakayebaki ni mtu uliyemjenga ukiwa hauko jukwaani.

Kwa hiyo wale wanaosema kipawa ni kipawa, nakubaliana nao nusu. Kipawa Mungu anakitoa bure. Tabia haitolewi bure, inalimwa kama shamba, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na sisi wa huku tunajua kiangazi ni kitu gani. Anayelima tu siku mvua inanyesha hatavuna.

Wale wanaosema muda ni mgumu, nawasikia pia. Kuna anayefunga kibanda sokoni saa kumi na mbili jioni, kuna wa bodaboda, kuna anayetoka mbali kwa miguu. Nimezungumza na mchungaji, na tumekubaliana kwamba kila tawi lipange siku na saa inayowafaa watu wake, na wanaokaa mbali wakutane nyumba kwa nyumba kwa vikundi. Saa tutabadilisha. Lakini kanuni yenyewe haitabadilika. Afadhali Jumapili tuimbe bila kinanda kuliko kumwacha ndugu yetu anasimama mbele kila wiki huku ndani anakauka na hakuna anayejua.

Kama ulikuwa umeamua kuondoka kwenye timu, naomba usiondoke bado. Njoo mara nne. Kaa, sikia, uliza maswali. Baada ya hapo tuongee, mimi na wewe, na nitakusikiliza.

Tuombe. Baba, asante kwa waliopanda nchi hii na wasione mavuno. Tufundishe kukutumikia hata pasipo wa kutushangilia. Wape nguvu watumishi wako wanaoimba huku wakilia. Na siku utakayotuita, utukute mahali tulipozoea kukaa na wewe. Katika jina la Yesu. Amina.