Okot p'Bitek, mwandishi aliyejulikana kwa nyimbo zake

Mwaka 1956 timu ya kandanda ya Uganda ilizuru Uingereza na kucheza bila viatu. Mmoja wa wachezaji wake, kijana kutoka Gulu, hakurejea na wenzake. Alibaki huko kusomea ualimu Bristol, kisha sheria Aberystwyth, na hatimaye elimu ya mila na jamii katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kijana huyo alikuwa Okot p'Bitek.

Alizaliwa mwaka 1931 katika familia ya Kiacholi. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alikuwa mwimbaji na mtambaji wa hadithi, na ni kwa mama ndiko ilikotoka sauti ambayo baadaye wasomaji waliitambua kabla hata ya kutazama jina kwenye jalada. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1953, aliiandika kwa Kiacholi, lakini haikumpa umaarufu nje ya kwao.

Umaarufu ulikuja mwaka 1966, pale shirika la East African Publishing House la Nairobi lilipochapisha Song of Lawino. Humo mke wa kijijini anamlalamikia mumewe msomi, Ocol, aliyemwacha kwa ajili ya mwanamke wa mjini na kuzidharau desturi za kwao. Okot alikuwa ameutunga utenzi huo kwa Kiacholi, nao wachapishaji hawakuupokea, ndipo akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Toleo la Kiacholi lilisubiri hadi mwaka 1969, wakati tafsiri ilikwisha kuvuka mipaka.

Kwa wenyeji wa Nile Magharibi jambo hilo lina uzito wake. Mwaaluri wa Nebbi au Pakwach husikia mengi katika Kiacholi, kwa kuwa lugha hizo ni za ukoo mmoja wa Kiluo. Mlugbara wa Pajulu au Mkakwa wa Koboko hana bahati hiyo. Kwake Lawino alifika kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili, katika tafsiri iliyoitwa Wimbo wa Lawino. Lau Okot angeshikilia Kiacholi peke yake, huenda mto Nile ungetosha kumzuia.

Baada ya Lawino, Okot hakubadili njia. Mwaka 1970 alimpa mume nafasi ya kujibu, katika Song of Ocol. Mwaka uliofuata zikatoka nyimbo mbili nyingine, wa mfungwa na wa malaya, na huo wa pili aliuita kwa neno hilohilo la Kiswahili. Kila mara ni mtu mmoja anayesimama na kuimba shauri lake, na kila mara neno wimbo limo katika jina la kitabu. Waandishi wengine wa Afrika Mashariki wakaufuata mtindo huo, ila wasomaji walijua ulikoanzia.

Ubaya wa sauti inayotambulika ni kwamba humfunga mwenyewe. Wengi walimchukua Okot kuwa ndiye Lawino, adui wa kila kilichotoka Ulaya, ilhali alikuwa mwanasheria na msomi wa Oxford, na vitabu vyake vya utafiti kuhusu dini za Kiafrika havikusomwa kama nyimbo zake.

Ulimi huohuo ulimponza. Alikuwa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa mjini Kampala, lakini mwaka 1968, baada ya safari ya Zambia, serikali haikumtaka tena na akapoteza kazi. Alihamia Kenya, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baadaye Ife, Nigeria. Miaka yote ya utawala wa Idi Amin aliishi nje ya nchi.

Aliporudi Uganda alifundisha Makerere, na hapo hakukaa sana. Alifariki Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Mwaka 2001 Taban lo Liyong, aliyeona kuwa Kiingereza cha Okot kilikuwa kimepoteza mengi ya Kiacholi, alitoa tafsiri yake mpya iliyotoka moja kwa moja katika utenzi wa asili. Aliiita The Defence of Lawino. Jina la Lawino alilibakiza. Neno wimbo aliliacha.