Daktari Livingstone Alipokuwa Akingoja



Habari za Daktari David Livingstone zimesimuliwa mara nyingi, na sisi tukaao Kabanga, katika milima ya Buha, tumezisikia tangu utoto, kwa maana Ujiji si mbali nasi. Lakini watu wakimtaja humtaja katika safari tu: mito aliyoivuka, maziwa aliyoyaona, na simba aliyemvunja mkono. Mwezi huu twapenda kueleza habari za miezi ile mitano ya mwaka 1872 ambayo alikaa mahali pamoja, asiende po pote, akingoja.

Hakuwa Mlutheri. Alikuwa Mskoti, aliyezaliwa tarehe 19 Machi 1813, na waliomtuma Afrika mara ya kwanza ni Misioni ya London. Hata hivyo sharika zetu zimemhesabu siku zote kama mzee wa nyumba moja nasi.

Tarehe 23 Oktoba 1871 alifika Ujiji kutoka Manyema, amekonda, miguu ina vidonda. Moyo wake ulikuwa umechoka kuliko mwili, kwa sababu mwezi wa Julai, huko Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakiwapiga bunduki watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Alitumaini kukuta bidhaa zake Ujiji, lakini mtu aliyekabidhiwa alikuwa amekwisha kuziuza zote. Basi akawa maskini kabisa. Ndipo, mwezi wa Novemba, Stanley akatokea.

Stanley alipita katika nchi yetu ya Buha. Wakuu walimtoza hongo mmoja baada ya mwingine, hata akaona kwamba nguo zake zitakwisha kabla hajafika ziwani. Basi akatafuta kiongozi, akatoka usiku wa manane na watu wake, wakapita porini kimya kimya. Hatuwezi kuisoma habari hiyo bila kucheka kidogo, ingawa twadhani wazee wetu walikuwa na haki ya kutoza katika njia zao wenyewe. Hata waliporudi, yeye pamoja na Daktari, hawakutaka tena kuonana na Waha: walishuka kwa mitumbwi upande wa kusini wa ziwa, kisha wakakata nchi mpaka Unyanyembe, wakafika mwezi wa Februari 1872.

Stanley alimsihi arudi Ulaya. Akakataa, kwa maana alitaka kwanza kuziona chemchemi za mto Nile. Leo twajua kwamba alikuwa akizitafuta mahali zisipokuwapo, na kwamba mto Lualaba alioufuata huishia katika Kongo. Yeye hakujua. Tarehe 14 Machi wakaagana, naye Stanley akaahidi kumpelekea wapagazi kutoka pwani. Siku tano baadaye Daktari akatimiza miaka 59, katika tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, bila mzungu mwenzake hata mmoja.

Basi akangoja. Masika ikaisha, nyasi zikakauka, upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma. Sisi tunayajua majira hayo: huku kwetu ni wakati wa kuanika maharage na kuota moto asubuhi kwa ajili ya baridi. Siku zake zilikuwa kama siku za mtu ye yote. Alihesabu safari za wapagazi kwa vidole, siku ngapi za kufika pwani, siku ngapi za kurudi. Alitengeneza jibini kwa maziwa ya ng’ombe, ili awe na akiba njiani, naye akaandika kwamba imekuwa chachu kidogo. Aliwatazama ndege wadogo ambao kila jioni walirudi katika kijiti kile kile, wakajibana pamoja kwa ajili ya baridi, hata wakaonekana kama donge moja la sufu. Halima, mpishi wake, aligombana na mwanamke mwenziwe akatoroka. Kisha akarudi mwenyewe, kwa kuwa alitaka kubembelezwa tu. Daktari alimsifu kwa uangalifu wake, akakusudia kumnunulia nyumba na bustani huko Unguja.

Tena aliwatazama watoto. Wavulana wa Kwihara walitengeneza bunduki za matete, zenye mtambo wa kufyatulia, na majivu yakawa moshi wake. Wakawinda nzige kwa ustadi mwingi. Ye yote aliyewaona watoto wa Kasulu na mabua yao ya mahindi ataifahamu furaha hiyo. Daktari aliandika habari za michezo hiyo kwa utaratibu ule ule alioandikia mito na milima.

Hapa ndipo tunaposimama kidogo. Maana katika miaka yake ya mwisho mzee huyu aliandika neno jingine, kwamba akiikumbuka kazi yake ya misioni huko kusini hajuti, ila kwa jambo moja: hakutenga wakati wa kucheza na watoto wake. Mchana kutwa alifundisha na kufanya kazi, na jioni hakuwa na nguvu za kucheka nao. Kisha wakakua yeye hayupo. Mke wake, Mary, alikufa mwaka 1862 huko Shupanga, penye mto Zambezi. Mwana wake Robert alijiandikisha askari katika vita vya Marekani kwa jina lisilo lake, akafa kifungoni mwaka 1864, umri wake miaka 18. Sisi walimu wa kanisa, turudipo nyumbani giza limeingia, tukawakuta watoto wamelala, tunalisoma neno hilo polepole.

Na mwaka ule ule wa 1872 mwana mwingine, Oswell, alifika Unguja pamoja na watu waliotumwa kumtafuta baba yake. Iliposikiwa pwani kwamba Daktari amekwisha kuonekana, kijana akarudi Ulaya. Baba alikuwa Kwihara, akihesabu siku. Hawakuonana.

Wapagazi walifika mwezi wa Agosti, na tarehe 25 akaondoka. Mvua zilimkuta katika mabwawa ya Bangweulu, akachukuliwa kwa machela, hata alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 watu wake wakamkuta amekufa kijijini kwa Chitambo, amepiga magoti kando ya kitanda. Wakauzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili juani, wakauchukua. Katika safari hiyo ya kwenda pwani walifika tena Unyanyembe, wakati wa kiangazi, mwezi wa Oktoba.

Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Katika wale waliomchukua, Jacob Wainwright peke yake alikuwako. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Wakakaa na Horace Waller, aliyekuwa akiyapanga maandiko ya Daktari kuwa kitabu, wakamweleza mahali palipokuwa hapaeleweki: jina la kijito, mahali walipolala, mvua iliyonyesha siku ile. Wakajenga na kibanda, mfano wa kile alichofia, ili watu wa huko waone kilivyokuwa.