Hassan Fathy: Msanifu Majengo Aliyeuthamini Udongo

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria, nchini Misri, tarehe 23 Machi, 1900. Alihitimu usanifu majengo jijini Cairo mwaka 1926, wakati saruji na chuma vilipohesabiwa kuwa alama ya maendeleo. Yeye alishika njia nyingine, akatafuta namna ya kumpatia mkulima maskini nyumba bora kwa udongo uliopo miguuni pake.

Kikwazo kilikuwa paa. Mbao na chuma viliadimika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na matao ya matofali ya udongo aliyojaribu kuyajenga bila mihimili yaliporomoka. Mwaka 1941 alikwenda Aswan, akawakuta waashi wa Kinubi waliorithi ufundi wa kuezeka kwa tao na kuba bila kuyaegemeza matofali kwenye mbao. Mafundi hao wakawa walimu na washirika wake.

Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ya Misri ilimkabidhi ujenzi wa kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, ili kuwahamishia wananchi waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Msikiti, soko, shule na nyumba vilisimama. Hata hivyo, wengi wa wakazi waligoma kuhama, kwa kuwa riziki yao ilitegemea makaburi hayo na watalii. Urasimu nao ulichelewesha kazi, na mwaka 1948 ujenzi ulisimama kabla ya kukamilika.

Mwaka 1957 alihamia Ugiriki kufanya kazi na mpangaji miji Constantinos Doxiadis, kisha akarejea Misri. Mkasa wa Gourna hakuuficha, bali aliueleza katika kitabu alichokitoa Cairo mwaka 1969, kilichochapishwa tena Chicago mwaka 1973 na kumpatia wasomaji duniani kote. Mwaka 1984 alipokea Medali ya Dhahabu ya Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo, akiwa wa kwanza kutunukiwa. Alifariki dunia Cairo tarehe 30 Novemba, 1989.

Wataalamu wa makazi wangali wakiisoma Gourna. Majengo yake yalithibitisha uwezo wa udongo. Wakazi wake walithibitisha kwamba mpango wa kuhamisha watu usiotanguliza riziki na ridhaa yao hukwama, hata michoro yake ikiwa mizuri kiasi gani.